Kuvusha Oda za Mtandaoni kwa Droni: Mwongozo Kamili kwa Muuzaji wa Kanda ya Ziwa

Anayeuza vitu mtandaoni akiwa Mwanza mjini hasumbuki kumfikishia mteja wa Nyegezi au Buzuruga. Anaita bodaboda, anakabidhi mfuko, anamrushia dereva namba ya mteja, kazi imekwisha. Kichwa kinaanza kuuma mteja anapokuwa kisiwani Ukara. Mzigo upande meli hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, upate gari mpaka Bugolora, usubiri kivuko, uvuke, halafu upate pikipiki ya upande wa pili. Kila anayeupokea anataka chake, na kila anayeupokea anaweza kuusahau chini ya benchi mpaka kesho kutwa.

Mwongozo huu ni wa kipande hicho cha safari. Nasema mapema: droni haishindani na bodaboda, inashindana na kivuko. Ukiiweka mjini ipeleke chipsi na soda mtaa wa pili, bodaboda itakushinda kwa bei, kwa urahisi na hata kwa mwendo, maana dereva hupiga simu, hugonga geti na huuliza kwa jirani. Palipo na maji, bonde au barabara inayokatika kila masika, hapo ndipo hesabu inageuka.

Na hesabu hiyo imeshapigwa hapahapa. Mwaka 2018, DHL, kampuni ya Kijerumani ya Wingcopter na GIZ, shirika la maendeleo la Ujerumani, walirusha droni za dawa kwenda Ukerewe katika majaribio ya miezi sita. Kilomita 60 juu ya ziwa zilichukua wastani wa dakika 40. Kwa kuzunguka na barabara ni kilomita 240 na kama saa sita. Yale yalikuwa majaribio ya dawa, hayakuwa duka. Kuyageuza kuwa biashara ya viatu, vipuri na vipodozi kunataka mpangilio mwingine, na mpangilio wenyewe ni huu.

Hatua ya 1: Tafuta njia kabla ya kutafuta droni

Chukua orodha ya oda zako za miezi mitatu iliyopita. Toa zote zilizofikika kwa bodaboda au basi ndani ya siku moja. Zinazobaki zipange kwa mahali: ngapi za Nansio, ngapi za Ukara, ngapi za Irugwa, ngapi ulizikataa kwa sababu ungepata hasara kuzipeleka. Hizo ulizozikataa usizidharau. Mara nyingi ndizo soko lenyewe.

Sasa tazama ramani kwa jicho la mzigo. Watu wengi wanafikiri njia ya kwanza ni Mwanza–Nansio, kama kilomita 50 kwa mstari ulionyooka. Mimi nisingeanzia hapo. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko Ilemela, kaskazini mwa jiji na ukingoni mwa ziwa, yaani upande uleule ambao droni yako ingepaswa kupita. Tena meli ya Mwanza–Nansio inabeba mzigo mwingi kwa bei ambayo droni haitaikaribia. Iache meli ifanye kazi yake.

Panapofaa ni baada ya Nansio. Weka stoo ndogo pale, jaza bidhaa zinazotoka haraka, zije kwa meli zikiwa kwenye maboksi. Oda ya Ukara ikiingia mchana, bidhaa iko tayari upande wa pili wa maji makubwa, na droni inabaki na mruko mfupi. Zipline, kampuni ya droni za dawa, walipoanza Rwanda Oktoba 2016, kule Muhanga, walifanya hivyo: damu ilikaa kwenye kituo cha kurushia, haikusubiriwa itoke Kigali kila hospitali ilipoomba. Kasi ya huduma ile ilitoka stoo kabla ya kutoka angani.

Swali moja zaidi kuhusu njia: kuna daraja linakuja? Kivuko cha Kigongo–Busisi kilikuwa kero ya miaka na miaka. Juni 2025 daraja la kilomita 3 likafunguliwa, magari yakaanza kupita bila kusubiri. Mtu angekuwa amewekeza droni za kuvusha vifurushi pale, biashara ingefungwa siku ya uzinduzi. Uliza halmashauri na TANROADS kuna mipango gani ya barabara, daraja au kivuko kipya kwenye njia yako kwa miaka mitano ijayo.

Wasomaji wa Kenya mnaweza kufikiria Mfangano au visiwa vya Lamu, na wa Pwani ya Tanzania wakafikiria Mafia. Kipimo ni kilekile.

Hatua ya 2: Chagua bidhaa zinazostahili kuruka

Bidhaa ya droni ni nyepesi, haichukui nafasi, ina thamani, na mteja anaihitaji kabla ya kivuko kijacho. Sindano ya injini ya boti inaingia. Chaja, miwani, kadi ya kumbukumbu, dawa za mifugo, vipuri vya cherehani, vitabu vya mitihani, vyote vinaingia. Mchele kilo tano hauingii, hata mteja akikubali kulipia.

Wauzaji wengi hupima uzito wakasahau ukubwa. Chukua raba za kiume. Zenyewe zina gramu 900 hivi, boksi lake gramu 200, na boksi hilo limejaa hewa. Ukilitoa, ukafunga raba kisigino kwa ncha, ukaziviringisha kwenye karatasi na kuziweka ndani ya mfuko wa plastiki mgumu, umeokoa chini kidogo ya moja ya tano ya uzito na karibu nusu ya nafasi. Mteja anayetaka boksi kwa ajili ya zawadi, boksi litamfuata kwa meli. Mwandikie kabisa kwenye ukurasa wa bidhaa: "Mzigo wa droni hufika bila boksi la dukani." Ukikaa kimya, utasikia: "Mmeniletea mtumba."

Mizani iwe ya kidijitali, na pima mzigo ukiwa umeshafungwa kabisa, na gundi yake, na mfuko wake. Kila kifurushi kiandikwe uzito kwa kalamu nene juu yake. Unapopanga vifurushi kwenye sanduku la droni, kizito kikae katikati na chini. Sanduku lililolalia upande mmoja linailazimisha droni kupambana nalo njia nzima, na inayolipa ni betri.

Kuna bidhaa zinazokataliwa kwa sababu za usalama wa anga, na hapa wauzaji wa simu wasome mara mbili. Betri za lithiamu zinahesabiwa kuwa mizigo ya hatari katika usafiri wa anga: simu, pawabenki, spika za bluetooth. Manukato yenye spiriti, rangi ya kucha, dawa za kupuliza za kopo na gesi nazo zimo. Si kwamba haziwezekani kabisa, ila usizipakie mpaka kibali chako kizitaje kwa jina. Pawabenki iliyovimba ndani ya sanduku lililofungwa, juu ya boti za wavuvi, si kitu cha kubahatisha.

Hatua ya 3: Anza vibali, usinunue chombo

Utaratibu wa wengi ni kununua kwanza, mzigo unakwama forodhani, ndipo mbio zinaanza. Geuza.

Tanzania, mlango wa kwanza ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, inayosimamia kanuni za mwaka 2018 za ndege zinazoendeshwa kwa mbali. Wizara ya Ulinzi na JKT nayo ina neno lake, na usilichukulie kama muhuri wa kupitia tu. TCRA inahusika na masafa ya redio na vifaa vya mawasiliano. TRA watataka kuona vibali kabla ya kuachia chombo. Kenya, mamlaka ya anga ya huko, KCAA, wanatumia kanuni za 2020 zilizogawa shughuli za droni katika makundi matatu ya hatari, A, B na C. Kupeleka mizigo mbali na macho ya rubani hakuangukii kwenye kundi jepesi.

Maneno hayo, "mbali na macho ya rubani", ndiyo uzito wa maombi yako yote. Kibali cha mpiga picha wa harusi kinahusu droni anayoiona. Wewe unaomba kuirusha ng'ambo ya maji isikoonekana, na mamlaka yoyote itauliza maswali matatu: ikipoteza mawasiliano itafanya nini, ikianguka itamwangukia nani, na ndege yenye watu ikipita chini utajuaje. Waandikie majibu ya njia yako mahususi. Chora mstari wa safari, weka alama za vijiji, shule, mialo na sehemu za kutua kwa dharura, taja urefu wa kuruka. Futi 400 kutoka ardhini, yaani mita 120 hivi, ndio ukomo uliozoeleka katika nchi nyingi. Maombi ya "kupeleka mizigo Kanda ya Ziwa" yatakaa mezani. Ya "Bugolora hadi Bwisya kisiwani Ukara, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, juu ya maji" yanasomeka.

Ongeza bima ya madhara kwa watu wengine, usajili wa chombo, na rubani mwenye leseni. Kama huna uwezo wa kubeba yote hayo, na wauzaji wengi hatuna, kuna njia ya mkato iliyo halali: ingia mkataba na kampuni ambayo tayari ina cheti cha uendeshaji, wewe ulete oda na wateja. Nadhani kwa duka la kawaida hiyo ndiyo njia ya busara, angalau mwaka wa kwanza.

Hatua ya 4: Jua aina za droni na jinsi zinavyoshusha mzigo

Zipo za mapanga mengi, zinazopaa na kutua wima kama helikopta. Zinafaa kwa masafa mafupi na mizigo mizito kidogo. DJI FlyCart 30, kwa mfano, inabeba kilo 30 kwa umbali wa kilomita 16 ikiwa na betri mbili, na ina winchi ya kushushia. Lakini yenyewe na betri zake ni kilo 65, kwa hiyo ikianguka inaanguka kilo 65 pamoja na mzigo.

Zipo zenye mabawa, kama za kwanza za Zipline. Zinarushwa kwa manati, zinakwenda mbali kwa umeme kidogo, zinadondosha boksi kwa parachuti bila kutua, kisha zinarudi kunaswa kwa kamba. Mzigo wake ni mdogo, chini ya kilo mbili, lakini zinafika hospitali zilizo kilomita 80 kutoka kituoni. Na zipo chotara, zenye mabawa na mapanga, zinazopaa wima kisha zikasafiri kama ndege. Ile ya Ukerewe ya 2018 ilikuwa ya jamii hii.

Kwa mruko mfupi wa kisiwa hadi kisiwa, wenye vifurushi vingi kwa pamoja, ya mapanga inatosha. Zaidi ya kilomita 20 hivi, tafuta chotara.

Namna ya kushusha ina uzito kuliko chapa. Parachuti inataka uwanja mtupu, na upepo wa ziwani hupeleka boksi usikotarajia, hata majini. Kutua kunataka uzio, kwa sababu watoto hukimbilia chombo mapanga yakiwa bado yanazunguka. Winchi inaiacha droni juu na kushusha kamba. Ningechagua winchi, kwa sharti moja: kamba iwe na ndoano inayojiachia na mfumo wa kujikata ikinaswa. Mwaloni kuna nyavu zimeanikwa, kuna miti ya dagaa, kuna mbuzi.

Hatua ya 5: Piga hesabu, kisha ipige tena

Namba zifuatazo ni za kufundishia tu. Weka zako.

Tuchukulie gharama zisizobadilika kwa mwezi (mishahara, pango, bima, vibali, mkopo wa chombo) ni shilingi 12,000,000. Betri inauzwa 2,000,000 na inadumu safari 400, hivyo kila safari inakula 5,000 za betri. Ongeza 1,000 ya umeme. Ukiruka mara 240 kwa mwezi, safari moja ni 50,000 jumlisha 6,000, yaani 56,000. Ukibeba oda moja kila safari, umefilisika. Ukibeba oda nne kwenda kituo kimoja, kila oda ni 14,000.

Ukiruka mara 1,200, safari inashuka hadi 16,000, na oda moja kati ya nne ni 4,000. Hapo watu hushangilia. Lakini gawa 1,200 kwa siku 26 za kazi: ni safari 46 kwa siku. Safari moja na maandalizi yake ikichukua nusu saa, hizo ni saa 23. Droni moja haiwezi, rubani mmoja haruhusiwi, na mvua haijanyesha bado. Utahitaji droni tano au sita, na zile milioni 12 hazitabaki 12. Chombo kimoja kwa saa za mwanga na hali nzuri ya hewa nakipa safari nane hadi kumi kwa siku, si zaidi, na hesabu yoyote inayotaka zaidi ya hapo irudishwe kwa aliyeiandika.

Kwa hiyo mambo mawili yanaamua: vifurushi vingapi kwa safari, na nani mwingine anachangia gharama zisizobadilika. La kwanza linatatuliwa na vituo, tutafika. La pili litazame Ghana. Zipline walianza huko 2019 wakipeleka damu, chanjo na dawa. Mwaka 2022 ndipo Jumia, duka kubwa la mtandaoni, walipotangaza kupitisha oda zao za mtandaoni kwenye mtandao huo, wakianzia kituo cha Omenako. Manunuzi yalipanda juu ya miundombinu ambayo afya ilikuwa imeshailipia. Nenda kaongee na mganga mkuu wa wilaya kabla hujaongea na benki. Chanjo na sampuli za maabara zikikupa safari za uhakika kila siku, raba na vipuri vitajaza nafasi iliyobaki. Na sampuli zina uzuri mwingine: zinarudi Nansio, kwa hiyo droni hairudi tupu.

Hatua ya 6: Weka vituo, sahau mlango wa mteja

Matangazo ya Ulaya na Marekani yanaonyesha boksi likishuka kwenye nyasi za nyuma ya nyumba. Wateja wetu wengi wa visiwani hawana ua wa namna hiyo, na kila mlango mpya ni hatari mpya unayopaswa kuichunguza. Kituo kimoja unakichunguza mara moja, na oda nne zinashuka pamoja.

Wakala wa pesa za simu ndiye mtu wako. Yuko wazi kutwa, watu wanamwamini na hela, anajua kusoma meseji ya malipo. Mlipe kamisheni kwa kila kifurushi. Eneo la kushushia liwe karibu na kibanda chake lakini si mbele yake: uwanja wa mita kumi kwa kumi hivi, usio na nyaya za umeme juu, umezungushiwa kamba au uzio wa miti, na una bendera ndogo ya kuonyesha upepo. Chukua majiranukta (namba za GPS) ya katikati ya uwanja kwa simu, siku tofauti, ulinganishe. Mfumo wa anwani za makazi wa NaPA unasaidia kumtambua mteja na kitongoji chake, ila droni iende kwenye majiranukta ya kituo tu.

Malipo ni sehemu ngumu kuliko watu wanavyodhani. Wateja wetu wamechomwa sana na maduka ya mtandaoni ya kitapeli, ndiyo maana "lipa ukipokea" ndiyo lugha wanayoielewa. Bodaboda anaweza kusubiri hela, droni haiwezi. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: mteja analipa nauli ya mzigo wakati wa kuagiza, bei ya bidhaa analipa kwa wakala. Kifurushi kikifika, anapokea meseji yenye namba ya siri ya tarakimu nne. Anafika, anafungua mbele ya wakala, anakagua, anaridhika, analipa kwa Lipa Namba, ndipo anataja ile namba ya siri na wakala anafunga oda. Asiporidhika, kifurushi kinarudi kwenye sanduku la marejesho na kuondoka na safari inayorudi. Mpangilio huo ufanye kazi kwa kitochi na meseji za kawaida. Programu nzuri ya simu janja itakuja baadaye kama hela ipo.

Majina, namba na mahali wanapoishi wateja ni taarifa binafsi. Tanzania ina sheria yake ya 2022 na tume inayoisimamia, Kenya ina ya 2019. Wakala aone jina na namba ya oda, basi.

Hatua ya 7: Zungumza na wenyeji kabla ya mlio wa kwanza

Anza na mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, kisha mkutano wa hadhara, kisha shule, kisha BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo. Polisi wawe na barua mkononi. Usiende na filamu za matangazo. Nenda na chombo chenyewe, kizime, kiweke mezani watu wakiguse.

Maswali yatakuwa yaleyale kila mahali. Ina kamera? Inatupiga picha tukioga ziwani? Ni ya serikali, inakuja kukamata wenye nyavu haramu? Hili la mwisho hulisikii likiulizwa mkutanoni, utalisikia pembeni, na ndilo litakaloamua kama droni yako itarushiwa mawe. Jibu kwa vitendo: kamera ya kuongozea ielekee chini, isirekodi, na ruhusu mtu wa BMU aje kituoni siku yoyote kuangalia. Usikubali kamwe kutumika kwa doria, hata ukiombwa kwa heshima na mtu mkubwa. Siku ukikubali mara moja, wavuvi wote watajua kabla ya jua kuzama.

Chombo kiwe na rangi kali na maandishi makubwa: jina la duka, namba ya simu, na "Usiguse, piga simu." Tangaza zawadi ya maana kwa anayeokota chombo kilichoanguka na kukirudisha. Itakugharimu kidogo kuliko kukitafuta.

Hatua ya 8: Heshimu ziwa

Ziwa Victoria ni moja ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani, na radi zake nyingi hupiga usiku hadi alfajiri, wakati upepo wa nchi kavu unapokutana katikati ya ziwa. Asubuhi inaweza kuanza na mabaki ya dhoruba, katikati ya asubuhi pakatulia, mchana upepo wa ziwani ukaanza kupanda. Kwa hiyo dirisha lako la kuruka ni finyu, na linahama kwa msimu. Soma utabiri wa hali ya hewa wa TMA kila siku. Waulize wavuvi nao. Halafu pima mwenyewe upepo kwa kipimo cha mkononi, kituoni na kwa wakala wa upande wa pili.

Upepo ndio unaoua droni za ziwani, na unaziua zikirudi. Chukua droni inayokwenda mita 15 kwa sekunde. Kilomita 10 bila upepo ni dakika 11. Ukiwa na upepo wa mgongoni wa mita 8 kwa sekunde, unafika kwa dakika 7 na kufurahi. Kurudi, upepo uleule uko usoni: kasi inabaki mita 7 kwa sekunde, na kilomita zilezile zinakula dakika 24. Rubani aliyepima betri kwa safari ya kwenda anaishia majini mbele ya macho ya kituo chake. Kila safari ipangwe kwa upepo wa kurudi, na betri ibaki na akiba ya theluthi moja baada ya hesabu hiyo. Ikiwezekana, weka betri zilizochajiwa kwa wakala.

Betri zenyewe zisikae juani wala kuchajiwa zikiwa bado na joto la safari. Zikikaa siku kadhaa bila kazi, ziache na chaji ya nusu hivi. Chumba cha kuchajia kiwe na ndoo za mchanga na mlango unaofunguka kwa nje. Umeme ukikatika katikati ya chaji, andika, maana betri hiyo haijajaa hata kama taa inasema imejaa.

Juu ya maji kuna mengine madogo. Vihisi vya chini vya droni nyingi huchanganyikiwa na maji yanayomeremeta, hivyo usiruke chini sana. Mtandao wa simu hukatika katikati ya mlango wa maji, kwa hiyo weka laini za kampuni mbili na redio ya moja kwa moja. Ndege wawindaji, furukombe na mwewe, hushambulia wakati wa kulea vifaranga. Ukiona viota karibu na njia, hamisha njia.

Hatua ya 9: Jaribu polepole, kisha shika ratiba

Ruka nchi kavu ukiwa mtupu. Ruka nchi kavu na mfuko wa mchanga wenye uzito wa mzigo kamili. Ruka kukatisha ghuba ndogo, boti ikiwa chini. Zima mawasiliano kwa makusudi uone kama chombo kinafanya kile ulichowaandikia TCAA. Ndipo uvuke. Oda za kwanza za wateja zipeleke kwa kivuko na kwa droni sambamba: mzigo wa kweli ukae kwenye kivuko, droni ibebe mfano wake, mpaka wakala na rubani wazoeane.

Siku ya kawaida iwe na saa za kudumu. Oda zilizoingia kabla ya saa 4 asubuhi zinaruka siku hiyo, za baadaye kesho. Wateja wanasamehe kesho, hawasamehi "inakuja sasa hivi." Kabla ya kila kupaa, rubani asome orodha kwa sauti na msaidizi ajibu: mapanga, betri, uzito, upepo huku, upepo kule, uwanja mtupu, wakala tayari. Wakala athibitishe kwa simu, kwa sauti yake, si kwa meseji. Na rubani akisema haturuki, haturuki. Weka hilo kwenye mkataba wake wa ajira, kwamba hakatwi mshahara wala hasemwi kwa kukataa kupaa, kwa sababu siku mteja mkubwa atakapopiga simu akifoka, wewe mwenye duka ndiye utakayemshinikiza.

Hatua ya 10: Panga mapema litakaloharibika

Chombo kikianguka, kwanza watu, kisha betri, kisha mzigo. Betri iliyolowa au kupasuka haiwekwi ndani ya gari wala boti iliyofunikwa. Taarifa kwa mamlaka ya anga itolewe kwa muda uliowekwa na kanuni, hata kama hakuna aliyeumia na hata kama hakuna aliyeona. Mteja arudishiwe hela siku hiyohiyo, bila kusubiri uchunguzi. Mwenye boti aliyepata hasara alipwe kupitia bima, lakini mwende nyumbani kwake kwanza.

Uwe na makubaliano ya kudumu na mwenye boti mmoja anayeaminika. Wiki ya mvua isiyokatika, yeye ndiye huduma yako, na wateja wapate mzigo kwa bei ileile waliyolipia.

Mkataba wa kukodi droni, pango la stoo na ajira za marubani, vyote vipangwe vya mwaka mmoja mmoja, na kila mwisho wa mwaka rudia ile orodha ya Hatua ya 1. Kivuko kikiongezwa safari, punguza zako. Kikiharibika, na huwa vinaharibika, uwe na betri za akiba na rubani wa pili tayari, kwa sababu siku hiyo simu ya stoo haitanyamaza.